Bibi Aliyenyamaza Stendi

Jumamosi, 6 Julai 1996. Kilosa

Matone asubuhi, matone mchana, matone jioni. Kisha zoezi. Mama anapanga vitu vinne juu ya mkeka: kikombe, sahani, kijiko, kiberiti. Natakiwa kuvitaja bila kugusa. Leo nimepata vitatu. Kiberiti nimekiita sabuni.

"Angalia vizuri," akasema Mama.

Nilikuwa naangalia vizuri. Hilo ndilo asilolielewa.

Wiki ya sita sasa tangu wanitoe mtoto wa jicho katika jicho la kulia, kule Morogoro. Nina miaka ishirini na mmoja. Giza lilinifunga nikiwa na minne. Miwani ni mizito, inaacha mashimo mawili puani. Bila miwani dunia ni uji. Nikiwa nayo dunia ni vitu vingi mno, vyote vinapiga kelele kwa pamoja, na hakuna kinachotaja jina lake.

Naandika kwa nukta nundu, kibao mapajani, macho nimefumba. Mama anaweza kushika karatasi hizi kutwa nzima asijue zimeandikwa nini. Kwa hiyo nitasema kweli. Nachoka. Ikifika adhuhuri natamani mtu azime.

Barua imefika jana. Jicho la kushoto ni Jumatatu tarehe 5 Agosti. Daktari alishasema: kwa jicho moja sitajua umbali wa kitu, kwa mawili huenda nikajua. Huenda. Nisipofika, nafasi yangu anapewa mwingine, na madaktari wenyewe ni wageni. Wakiondoka hakuna ajuaye watarudi lini.

Sitaki kwenda. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 8 Julai

Wageni tena. Kila siku wageni.

Zamani mtu akiingia uani alijitaja. "Mwajabu, ni mimi Mama Rukia." "Mwajabu, baba yako mdogo hapa." Hata watoto walijitaja. Ilikuwa adabu, na hakuna aliyewafundisha. Sasa wanaingia kimya. Wanasimama mbele yangu, wanasubiri. Kisha: "Haya, mimi nani?"

Sijui. Uso ni kitu chenye mashimo na kinachotembea. Nyuso zote zina mashimo.

Ubaya zaidi uko kwenye shikamoo. Kwa sauti nilijua umri wa mtu kabla hajamaliza kukohoa. Kwa macho sijui kitu. Jana nilimwamkia kijana wa kidato cha pili kwa sababu ni mrefu. Akaitikia "marahaba" bila hata kucheka, mshenzi yule. Leo mzee jirani yetu, mzee wa kuheshimiwa, alisimama mlangoni kimya. Nikaendelea kuchambua mchele. Nilidhani ni mlango umefunguka tu. Jioni maneno yakamfikia Mama kisimani: tangu apone, binti yako ana kiburi.

Nilipokuwa kipofu nilisifiwa kwa adabu. Adabu ile ilikaa masikioni.

Jumatano, 10 Julai

Nimeruka kivuli cha nguzo ya umeme. Nilikiona ni mtaro. Mafundi baiskeli wamecheka mpaka wakakaa chini.

Kizuri cha leo: fungu la nyanya sokoni. Rangi ile naikumbuka. Naikumbuka! Nilikuwa na kigauni cha rangi hiyo kabla ya giza. Nimesimama mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au nasali.

Ijumaa, 12 Julai

Mama ameamua niende Mikumi nikakae kwa Bibi mpaka siku ya hospitali. Anasema nimenuna. Ni kweli nimenuna.

Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha. Bibi ndiye aliyenilea mpaka nilipopelekwa bweni, katika shule ya wasioona, nikiwa na minane. Ni mzaliwa wa Vidunda, milimani. Alinibeba mgongoni wakati wenzangu wote wameshaanza kutumwa dukani. Mgongo wake ulikuwa mpana kama kitanda. Ananiita mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu, na anadai nilimnyang'anya mume hata kabla sijaota meno. Hajaniona tangu jicho lifunguliwe. Mimi sijamwona kabisa, isipokuwa kama zile picha za kabla ya giza ni za kweli. Ninayo moja: mwanamke mkubwa, kanga nyekundu, moshi.

Na kuna banda la Mjomba Shabani. Tangu biashara zifunguliwe kila mtu ana kitu kipya. Huku ni mitumba, kule mabasi ya watu binafsi. Mjomba alirudi Dar na televisheni, deki ya video na jenereta. Likizo zangu zote za kidato cha tano na cha sita nilizimalizia ndani ya banda lile, benchi la mbele, nikimsikiliza Kasuku, mtafsiri wa banda. Filamu za Kihindi, za Kichina, za Kimarekani, zote aliziweka kwenye Kiswahili papo kwa papo kwa kipaza sauti. Wenzangu walikuwa wanatazama. Mimi nilikuwa napata filamu nzima kwa sikio na sikudhani nimepungukiwa.

Sasa nitaziona.

Jumamosi, 13 Julai. Mikumi

Sijui kama nitaweza kuandika hili. Naandika.

Basi liliingia stendi saa saba. Nilishuka mgongo ukiniuma. Sauti ya Mjomba ikaniita, nikaifuata, nikampa mkono. Akanishika bega akanigeuza.

"Haya," akasema kwa sauti ya mtu mwenye siri tamu. "Bibi yako yuko hapa hapa. Tuonyeshe."

Mbele yangu walikuwa wanawake. Wengi. Kumi, ishirini, sijui, wakizidi sita hesabu ya macho hunipotea. Wote kimya. Stendi nzima kimya, au niliiona hivyo. Wauza mahindi wameacha kuita. Kumbe walikuwa wamepangwa. Kumbe Mjomba alikuwa amewaambia wote wasitoe sauti, na Bibi asitoe sauti, waone maajabu.

Nilitaka kusema siwezi. Nilitaka kusema, Bibi, kohoa. Lakini walikuwa wamekuja na furaha yao yote na nikaona haya.

Nikatafuta mwanamke mkubwa. Nikatafuta nyekundu. Alikuwepo: mnene, kanga nyekundu, kitu cheupe kichwani nilichodhani ni mvi. Nikamwendea. Nikamkumbatia kwa mikono miwili, nikasema, "Shikamoo Bibi, nimekuja."

Alikuwa mchoma mahindi. Ana umri wa Mama. Cheupe kile kilikuwa kitambaa.

Wakacheka. Si kwa ubaya, nadhani. Yule mama naye alicheka akanipigapiga mgongoni, "Masikini, mimi si bibi yako, mwanangu." Nikasikia kandambili. Ya kulia inapiga, ya kushoto inaburuta. Mlio ule ningeujua hata kaburini. Ulikuwa unaondoka.

Niligeuka. Nikaona kimtu kidogo, kimekonda, kimeinama, kinaelekea barabarani. Kanga yake ya bluu. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu muda wote.

Bibi ni mdogo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Bibi ni mdogo.

Jumapili, 14 Julai

Hasemi nami. Nimemwamkia, ameitikia "marahaba" ya mgeni. Ameniita Mwajabu binti Omari. Mke mwenza hakuna.

Sitakwenda Morogoro. Jicho moja limenipotezea Bibi. La pili litanipotezea nani?

Jumatano, 17 Julai

Nyumba yenye mtu aliyenyamaza ni mbaya kwangu kuliko kwa mwingine. Akitembea namjua. Akikaa, amepotea. Leo asubuhi nimeamkia kanga yake iliyoanikwa kwenye kamba ya chumbani. Nimesimama naisubiri iitikie. Alikuwa nyuma yangu, ameniona, akatoka bila neno. Akikasirika huwa anarudi kwenye Kividunda chake, anatukana mbuzi na sufuria. Safari hii hata mbuzi hawatukani.

Jioni nimemkuta Mjomba anasafisha deki kwa pamba. Nimemuuliza kosa langu. Akaguna, akaangalia chini. Au akaangalia mahali fulani.

Ni filamu. Kanda mpya, ya Kihindi, inaonyeshwa kila Jumapili saa nane mchana kwa akina mama. Inahusu msichana kipofu aliyelelewa na bibi yake. Daktari wa mjini anampasua macho. Bandeji zinafunguliwa uani mbele ya kijiji kizima, na msichana, ambaye hajawahi kuona uso, anapita watu wote na kumkimbilia bibi yake. Bibi ameitazama mara tatu. Baada ya ile ya tatu ndipo walipopanga lile la stendi. Yeye mwenyewe alilitaka.

"Alijua utamwona tu," akasema Mjomba. "Alimwambia kila mtu. Alisema, yule nimembeba mgongoni, damu itamwonyesha."

Ningependa hasira ije. Imekuja aibu.

Jumapili, 21 Julai

Nimeingia bandani. Filamu yangu ya kwanza kuiona.

Sikuona filamu. Niliona kioo kinachorukaruka. Mwanamke alikuwa amesimama kando ya kisima, mara akatoweka, ukaja uso mkubwa kama mlango. Nikamuuliza mama aliyekaa kulia kwangu, huyu nani?

"Ndiye yule yule."

Ukaja mwili mdogo, mbali, kwenye mlima.

"Na huyu?"

"Ndiye yule yule! Wewe vipi, si umepona?"

Mtu mmoja anawezaje kuwa na ukubwa wa aina tatu? Wao wote wanajua. Walijifunza wakiwa wachanga, hawakumbuki kujifunza. Kichwa kilianza kugonga. Nikafumba macho, na filamu ikarudi, nzima, kama zamani. Kasuku kwenye kipaza sauti chake. Kijiji cha Kihindi amekiita Kidodi, kama kile cha kwetu huku. Msichana amemwita Mwanahamisi. "Mwanahamisi wa Kidodi anateka maji, akina mama, hajui kesho yake!" Watu wanajibu, wanacheka, wanamwonya msichana. Nimemkumbuka Kasuku huyu. Nilimpenda.

Kisha ikaja bandeji. Banda zima likaacha kutafuna karanga.

"Mzunguko wa kwanza! Mzunguko wa pili! Daktari anatetemeka! Anafumbua... Ameonaaaa! Anapita huyu, anapita yule, hao hawajui! Anakwenda kwa bibi yake! Damu haipotei, akina mama! Anayekupenda hakukosi!"

Kilio. Wanawake wazima. Nilikuwa nimefumba macho na masikio yangu yalikuwa wazi, kama yalivyokaa miaka kumi na saba. Chini ya sauti ya Kasuku, chini ya "ameonaaaa" ile, kulikuwa na sauti nyingine. Ya filamu yenyewe. Kavu, ya kizee. Fupi.

Nyuma yangu kandambili zikatoka nje kabla filamu haijaisha. Ya kulia, ya kushoto.

Anayekupenda hakukosi. Na mimi nilimkosa kwa hatua mbili.

Jumatatu, 22 Julai

Nimemfuata Kasuku kwa kinyozi. Jina lake halisi ni Selemani. Nimeona uso wake kwa mara ya kwanza, haufanani na sauti yake hata kidogo. Sauti ni ya jitu. Uso unafanana na wa mtu anayeomba radhi.

Nimemuuliza yule bibi kizee wa kwenye filamu anasema nini kabla msichana hajageuka.

"Anasema?" akasema Kasuku.

"Kuna sauti. Wewe unaifunika."

Akacheka. Akaniambia kitu ambacho kinyozi hakutakiwa kusikia: Kihindi hajui. Kichina hajui. Kiingereza anajua cha stendi. Anatazama picha, anatunga.

"Dada Mwajabu, watu wanakuja kulia. Mimi nawapa cha kulilia. Kosa langu lipi?"

Nimemwambia kosa lake. Nimemweleza stendi yote, kanga nyekundu, mchoma mahindi. Kinyozi aliacha kunyoa. Kasuku alibaki na nusu ya kichwa ina nywele. Hakutunga neno.

Alhamisi, 25 Julai

Mjomba hataki kuwasha jenereta asubuhi kwa ajili ya sauti moja. Nimemwomba siku tatu. Leo nimemwambia: Jumapili, sehemu ya bandeji, Kasuku anyamaze. Basi. Sitaki kingine.

Kasuku ameapa haiwezekani. Hajawahi kunyamaza tangu banda lifunguliwe. Watu watasema wameibiwa. Mwishowe akasema atajaribu, kama mtu anayeombwa kuzuia kupiga chafya.

Naogopa. Huenda sauti ile ilikuwa ya mama mmoja bandani. Huenda niliitamani tu, nikaisikia. Masikio yangu hayajawahi kunidanganya, lakini hata hayo sasa nayatilia shaka. Hiki ndicho jicho lilichonifanyia.

Siku kumi na moja kabla ya Morogoro. Bado sijasema siendi. Mjomba ameshaulizia basi.

Jumapili, 28 Julai

Bibi alikuja. Nilisikia kandambili zikipita benchi langu zikakaa nyuma, upande wa mlango. Mara yake ya tano.

Kasuku alifanya kazi yake yote, vizuri kuliko siku zote nadhani. Alipofika kwenye bandeji akasema, "Akina mama, hapa nitanyamaza. Msiniulize. Sikilizeni." Kisha akakishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili, kifuani, kama mtu anayezuia kuku asiruke.

Kimya. Jenereta nje. Muziki wa filamu ulikuwa umekatika pia, hakuna aliyewahi kujua kwamba pale muziki hukatika. Upepo wa Kihindi. Nilitazama, macho wazi. Niliona weupe, na nyuso, sikujua ni ngapi.

Ndipo ikaja. Sauti ya kizee, kavu, neno moja, mara mbili. Ni jina, hata asiyejua Kihindi anajua jina likiitwa. Baada ya hapo ndipo msichana akageuka. Ndipo akakimbia.

Hakuna aliyelia.

"Ala!" akasema mmoja. "Kumbe kaitwa!"

"Rudisha, Shabani! Rudisha hapo!"

Mjomba akarudisha kanda. Jina, mara mbili. Msichana anageuka. Wakataka tena. Akarudisha tena. Mchoma mahindi, ndiye yeye, sasa nimeijua sauti yake, akasema, "Kasuku, mwezi mzima unatufunika maneno ya watu!" Banda likacheka, na Kasuku alicheka pia, ila kicheko chake kilikuwa kidogo.

Nikasimama. Sikupanga.

Nikasema, "Mimi stendi sikuitwa."

Ni hayo tu. Nilikuwa na mengi, nimesoma miaka mingi, na nimepata hayo tu. Nikatoka. Jua lilinipiga usoni nikafumba macho, nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu inayoijua njia.

Jumatatu, 29 Julai

Alfajiri. Nilikuwa naosha uso nyuma ya nyumba, miwani kwenye tofali.

"Mke mwenza."

Sikugeuka haraka. Niliogopa itaisha.

"Mke mwenza, ni mimi. Niko mlangoni. Nimeshika beseni la uji, usije ukanigonga."

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

Akaweka beseni chini. Akakaa kwenye kigoda, nikasikia goti lake likilalamika. Akakaa kimya kwa muda, lakini kimya hiki nilijua kilipo.

"Nilidhani macho yanajua," akasema.

"Hayajui, Bibi. Yanafundishwa."

"Kama mtoto?"

"Kama mtoto."

Akawaza. Akatukana mbuzi mmoja kwa Kividunda. Nilitaka kucheka na kulia na nikafanya yote, vibaya. Kisha akasema, "Basi njoo uyafundishe," akanishika mikono akaiweka usoni mwake.

Nimevaa miwani. Nimemsoma kwa vidole huku nikitazama, polepole, kama tulivyofundishwa herufi. Hili shavu. Vidole vinalijua, jicho halilijui, nangoja mpaka vyote viwili vikubaliane. Hii pua. Hapa chini ya kidevu kuna kovu, kidole kinalikumbuka tangu nilipokuwa mgongoni nikinyoosha mkono. Sasa najua kwamba lina rangi: limepauka kuliko ngozi yake. Hili sikuwahi kulijua. Ni langu jipya.

Sikumaliza uso wote. Nilichoka. Alisema hata yeye amechoka kutazamwa, mume wake hakuwahi kumtazama hivyo.

Baadaye nimemwambia kwamba nilikuwa sitaki kwenda Morogoro. Mtu wa kwanza kumwambia. Nilisema kila kitu, uchovu, uji, nyuso, kutamani mtu azime.

Hakuniambia nishukuru. Wote huniambia nishukuru. Aliuliza, "Ukiwa na mawili utachoka zaidi?"

"Mwanzoni, ndiyo."

"Na baadaye?"

"Sijui, Bibi. Daktari mwenyewe hajui."

"Nitakupeleka mimi," akasema. "Nitakuwa nasema."

Jumatano, 31 Julai

Habari imeenea. Asubuhi nimepita stendi na kila mtu anajitaja. "Mwajabu, mimi fundi viatu!" "Mimi Mama Mahindi, bibi yako wa uongo!" Hata konda nisiyemjua amejitaja jina lake na la baba yake. Nimeamkia watu wanane, sikukosea hata mmoja.

Mjomba amesema Kasuku sasa anaomba kunyamaza kwenye kila filamu, amelipenda. Watu wanamzomea aendelee.

Jumamosi, 3 Agosti. Njiani, kisha Morogoro

Tumepanda basi la asubuhi. Barabara inakatiza katikati ya mbuga. Bibi amekaa dirishani, mimi kando yake, na hakunyamaza tangu stendi.

"Kushoto kwako, swala. Wengi. Wale wekundu wekundu."

Niliona nyasi zenye alama. Kisha alama moja ikaruka, na zote zikawa swala. Kwa dakika moja zilikuwa swala.

"Twiga. Wewe utadhani ni mti. Subiri."

Nikasubiri. Mti mmoja ukashusha kichwa.

Nimepiga kelele basi zima likageuka. Nyuma yetu mtu akasema, "Huyu hajawahi kuona twiga?" Bibi akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Hajawahi. Na wewe umewatazama tangu uzaliwe, hebu niambie wana rangi ngapi." Mimi nilihesabu nne.

Hospitalini tumepewa kitanda cha pili kutoka mlangoni. Bibi atalala kwenye banda la wasindikizaji, pamoja na wanawake wengine.

Naogopa bado. Lakini ni woga wa kawaida sasa, wa mtu anayekwenda mahali.

Jumatatu, 5 Agosti

Asubuhi na mapema. Nasubiri kuitwa. Mimi ni wa tatu leo. Muuguzi amenitia matone, dakika chache tena ataichukua miwani.

Kitanda changu kinatazama ukumbi mrefu wenye mwanga mwishoni. Saa ya kuona wagonjwa imefika na wanawake wanaingia, wamebeba vyombo, kanga za kila rangi. Kwangu ni vivuli, mwanga uko nyuma yao. Hakuna nyuso. Sauti zimechanganyika mno, na kandambili ni nyingi, zote zinapiga sakafu kwa pamoja.

Nikaona kimoja. Kidogo, kimeinama. Upande mmoja unapanda, upande mwingine unachelewa, unavutwa. Unapanda, unavutwa. Mlio ule ule, lakini sikuwa nausikia. Nilikuwa nauona.

Nilimjua akiwa bado mbali, katikati ya wanawake wote wale, kabla hajasema neno.

Sikupunga mkono. Sikuita. Nilikaa nimetulia na kibao mapajani, nikamwacha aje. Akafika kwenye kitanda cha kwanza, akasimama, akakohoa kidogo kama mtu anayebisha hodi.

"Mke mwenza," akasema, "ni mimi."

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu."